Njia ya Mama Ni Ndefu: Kinga, Taxi-Bus na Picha za Mji Wetu

Kila juma ukurasa huu unazungumza mambo ya nyumbani: homa ya mtoto, feza za masomo, amani ya ndoa. Juma hili tunaomba tutoke nje ya lupango, tusimame kidogo kando ya barabara. Kwa mama wa Lubumbashi barabara nayo ni kama chumba kimoja cha nyumba. Inakula feza yetu, inakula saa zetu, inatuletea makala ya kupikia bukari. Asubuhi inachukua watoto wetu, na mchana tunangoja iwarudishe wazima.

Watu wa mbali wakisikia jina Karavia wanafikiri hoteli kubwa, uwanja wa golf na ziwa. Sisi tunaokaa hapa tunajua pia vumbi la mwezi wa nane, matope ya mwezi wa kwanza, na mahali ambapo mtu anangojea taxi-bus huku akihesabu feza mkononi. Tunapita njia hizo kila siku. Na kitu cha kila siku ndicho jicho linachosahau upesi.

Jambo tunalotaka kusema ni hili: umbali tunaotembea si ajali. Mji wetu ulipangwa tangu mwanzo ili watu wakae mbali mbali, na mpaka leo anayelipa umbali huo zaidi ni mama na mtoto wa masomo. Wale waliotufungua macho juu ya jambo hilo ni watu wa picha. Ndiyo maana leo tunaweka pamoja vitu vitatu: picha, taxi-bus na kinga, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaita baiskeli.

Mji uliopimwa kwa mbu

Lubumbashi ilianza mwaka 1910. Mwaka ule reli iliyotoka kusini, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, ilifika hapa. Mwaka 1911 tanuru la Union Minière du Haut-Katanga liliyeyusha shaba yake ya kwanza. Wabelgiji waliuita mji Élisabethville, jina la malkia wao. Jina la Lubumbashi, ambalo ni jina la mto wetu, lilichukua nafasi yake mwaka 1966.

Waliopanga mji walichora avenu zilizonyooka katikati kwa ajili ya wazungu. Waafrika walipewa mahali pao upande mwingine, ile cité ambayo leo ni komini Kamalondo. Katikati ya sehemu hizo mbili waliacha ukanda mtupu wa mamia ya metre. Waliuita cordon sanitaire, ni kusema ukanda wa afya. Sababu waliyotoa ilikuwa malaria: walisema mbu aliyemuma Mwafrika hataweza kuruka mbali hivyo mpaka amfikie mzungu.

Lakini boyi, mpishi na mlezi wa watoto walivuka ukanda ule kila asubuhi kwa miguu, wakaingia mpaka jikoni na mpaka kwenye kitanda cha mtoto. Mbu alikatazwa, mfanyakazi aliitwa. Usiku ulipofika, Mwafrika hakuruhusiwa kutembea katika mji wa wazungu bila karatasi. Kwa hiyo safari ya kwenda kazini na kurudi, ile tunayoona leo kama kitu cha kawaida, ilizaliwa na mji wenyewe.

Mji ukakua. Ikaja Kenya, na katika miaka ya 1950 zikaja Katuba na Ruashi, kila moja mbali zaidi na katikati ya mji. Wafanyakazi wa Union Minière wao walikaa katika kambi karibu na kiwanda. Baba alikwenda kazini kwa miguu, hospitali ilikuwa ya kampuni, masomo ya watoto yalikuwa ya kampuni, na posho ilitolewa pale pale. Wazee wetu wengi wanakumbuka maisha hayo, utamu wake na ukali wake.

Halafu Gécamines, iliyochukua nafasi ya Union Minière, ikaanguka katika miaka ya 1990. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka kwa mpango ulioitwa départ volontaire. Nyumba ambayo baba alikuwa akitembea dakika chache kwenda kazini ikawa nyumba ambayo mama anavuka mji mzima kutafuta unga wa jioni. Mtu anauza soko la Kenya, analala Karavia, mtoto anasoma mahali pengine, bibi mgonjwa yuko Katuba. Mji haukubadilisha sura yake, maisha ndiyo yalibadilika. Tukaanza kulipa feza kwa umbali ambao wengine waliuchora kwa rula.

Mtu aliyeweka picha mbili pamoja

Mwaka 1965 waboyi wa zamani wa mji huu waliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chao wenyewe, kazi iliyosimamiwa na André Yav. Walikuwa wameuona mji kutoka jikoni, na waliamua kuusimulia kama walivyouona. Miaka mingi baadaye, mtoto mwingine wa Lubumbashi alifanya kazi inayofanana na hiyo kwa kamera.

Huyo ni Sammy Baloji. Alizaliwa hapa mwaka 1978 na alisoma hapa hapa kwenye Université de Lubumbashi. Katika kazi yake ya mwaka 2006 inayoitwa Mémoire, alichukua picha za zamani za wafanyakazi na wakubwa wa wakati wa ukoloni, zile nyeusi na nyeupe, akaziweka ndani ya picha za rangi alizopiga mwenyewe kwenye viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Wale watu wa zamani wanasimama katikati ya vyuma vilivyoshika kutu. Ukitazama unahisi kama wanatuuliza: kazi yetu iko wapi?

Mwaka 2013 alifanya kazi nyingine inayotugusa zaidi kwa mazungumzo ya leo, Essay on Urban Planning. Alipiga picha za mji kutoka juu angani, pale ukanda ule mtupu ulipopita. Kando ya picha hizo akaweka picha za nzi na mbu waliokauka, wanaohifadhiwa katika museo ya Lubumbashi. Akaongeza picha ya mwaka 1929 inayokumbusha sheria ya kuaibisha: mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 ndipo apewe posho yake ya siku. Ardhi na mdudu, vimewekwa pamoja ukutani, bila maneno mengi. Mtu asiyejua kusoma anaelewa.

Pamoja na rafiki zake Baloji alianzisha chama cha Picha, jina la Kiswahili ambalo kila mtoto wetu analijua. Tangu mwaka 2008 chama hicho kimekuwa kikiandaa hapa mkutano mkubwa wa wasanii, Rencontres Picha, ambao sasa ni Biennale de Lubumbashi. Wageni wanatoka nchi za mbali kuja kuangalia mambo ya mji wetu. Ingekuwa haya kama wageni wangeyaona, na sisi wenyeji tuyapite tu tukielekea sokoni.

Tunachojifunza kwa kazi hiyo ni namna: weka picha mbili pamoja, halafu uliza kwa nini. Tutarudi kwenye namna hiyo, maana hata mama mwenye telefone ndogo anaweza kuitumia. Kwanza tupande taxi-bus.

Hesabu ya taxi-bus

Sisi walimu tunapenda hesabu, basi tufanye moja. Tuseme mama anachukua taxi-bus mbili kwenda kazini, moja mpaka katikati ya mji na nyingine mpaka sokoni, na mbili kurudi. Hizo ni safari 4 kwa siku. Kwa siku 6 za juma ni safari 24. Tuseme kila safari ni franka 1 000, mfano tu, weka bei ya kwenu. Ni franka 24 000 kwa juma kwa mtu mmoja. Ongeza mtoto mmoja anayepanda moja kwenda na moja kurudi: safari 12, franka 12 000. Jumla ni franka 36 000, na bado hatujanunua hata nyanya.

Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, uiweke karibu na hesabu ya chakula. Nyumba nyingi zinashangaa kuona njia inakaribia chakula. Mume na mke wanaogombana kila mwisho wa mwezi juu ya feza iliyopotea mara nyingi wangeikuta barabarani, franka kwa franka.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hii inalificha. Taxi-bus karibu zote zinakwenda katikati ya mji na kutoka katikati ya mji. Njia hiyo inamfaa mtu anayetoka nyumbani, anaingia ofisini, anarudi. Mama hatembei hivyo. Asubuhi anapitisha mtoto masomoni, anakwenda sokoni, saa saba anapita hospitali, jioni anafika kwenye kilio cha jirani, halafu anatafuta makala kabla giza halijaingia. Njia yake ni ya kukata kulia na kushoto, na kila kona analipa upya. Akiwa na mzigo wa mihogo au beseni la samaki, mzigo nao unaweza kulipiwa. Ndiyo maana tunasema umbali una jinsia: kwenye karatasi ni kilometre zile zile, kwenye mfuko wa mama ni nyingi zaidi.

Sasa usalama. Sisi Wakongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Lakini gari nyingi ndogo za kubeba watu hapa zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako wanaendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo usukani uko kulia, na mlango wa abiria uko kushoto. Huko Japani mlango huo unafungukia kando ya njia. Kwetu, kama haukubadilishwa, unafungukia katikati ya barabara, pale ambapo gari nyingine na moto zinapita mbio. Mtoto anashuka akifurahi kwamba amefika, anaruka, na manseba anakuja na moto yake bila kumwona.

Tufundishe watoto wetu kanuni tatu, tuzirudie mpaka zikae kama meza ya kuzidisha. Kwanza, kabla ya kushuka, toa kichwa kidogo na kuangalia nyuma. Pili, ukishashuka usipite mbele ya taxi-bus. Ngoja iondoke, ndipo uone njia yote. Tatu, mdogo anashikwa mkono na mkubwa, hata kama mkubwa ana miaka 9 tu. Na sisi wazazi tuache kumpakia manseba watoto watatu kwa moto moja kwa sababu bei inapungua. Bei ya jeraha la kichwa ni kubwa kuliko bei ya safari ya pili.

Kinga inayopika bukari

Amka kabla jua halijatoka, usimame kwenye moja ya njia kubwa zinazoingia mjini, ya Kasenga, ya Kipushi, ya Likasi au ya Kasumbalesa. Utaona wanaume wakisukuma kinga zilizobeba makala. Mizigo imepangwa mmoja juu ya mwingine mpaka kinga yenyewe haionekani. Mwenye kinga haketi, anaisukuma. Amefunga fimbo kwenye usukani ili aweze kuiongoza akiwa pembeni. Kwenye mlima anapanda kwa kifua, kwenye mteremko anaivuta nyuma kwa nguvu zake zote isimkimbie.

Wengine wametembea usiku kucha. Wanashiriki lami na malori ya madini, na lori halimwogopi mtu wa kinga. Usiku hana taa. Anayewasha mbabula asubuhi hafikiri juu ya mtu huyo, lakini bila yeye mbabula ingebaki baridi, maana katika nyumba zetu nyingi umeme unakuja na kwenda, na hata ukiwepo kupika kwa umeme ni kwa wenye uwezo. Kwa kweli kinga ndiyo inayopika bukari ya Lubumbashi.

Hapo kuna deni mbili. Deni la kwanza ni kwa msitu. Miombo iliyokuwa karibu na mji imekatwa sana, na kila mwaka wachoma makala wanakwenda mbali zaidi, kwa hiyo safari ya kinga inarefuka na mfuko wa makala unapanda bei. Mbabula iliyoboreshwa, ile yenye udongo ndani unaoshika moto, inapunguza makala. Kuloweka maharagwe usiku kabla ya kupika kunapunguza makala. Kufunika sufuria kunapunguza makala. Ni mambo madogo, lakini mama ndiye mwenye ufunguo wake.

Deni la pili ni kwa mtu. Tukinunua makala tusimtukane mwuzaji kwa sababu ya franka mia. Tumpe maji ya kunywa. Na baba wenye gari wanaosoma ukurasa huu pamoja na wake zao, tunawaomba: ukimkuta mtu wa kinga barabarani, punguza mwendo, mpe nafasi. Ana mke anayengoja kama wewe.

Je, binti apande kinga?

Tukiangalia barabara zetu, wanaume wa kinga ni wengi, wanawake wa kinga ni wachache sana. Ukiuliza kwa nini, majibu yanakuja mbio. Kikwembe kitaingia kwenye mnyororo. Watu watacheka. Msichana atapoteza heshima. Wengine wanasema mpaka mambo ya uzazi, ambayo hayana ukweli wowote.

Majibu hayo si ya Kiafrika pekee. Ulaya na Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, wanawake walipoanza kupanda kinga walichekwa vile vile, na madaktari wengine waliwatisha kwa magonjwa ya kubuni. Baada ya miaka michache vitisho viliisha, wanawake wakaendelea kupanda.

Tuangalie karibu zaidi, kwa jirani zetu wa Zambia. Huko wasichana wa vijijini waliokaa zaidi ya kilometre 3 kutoka masomoni walipewa kinga ngumu zenye kubeba mzigo. Watafiti waliwafuata wasichana hao wakawalinganisha na wengine ambao hawakupewa. Muda wa njia ulipungua kwa karibu theluthi moja. Kuchelewa kulipungua kwa theluthi mbili. Kukosa masomo kulipungua kwa asilimia 27. Kwa mwalimu, namba hizo zina sura za watu. Ni yule msichana anayeingia kalasi saa somo la hesabu limekwisha, anakaa nyuma, miguu imejaa vumbi, na mwezi wa tatu haji tena. Katika jimbo la Bihar, huko India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa sekondari feza za kununua kinga, na wasichana wanaoendelea na masomo waliongezeka.

Hatusemi kila mama akauze sufuria anunue kinga kesho. Barabara zetu kubwa bado ni hatari, na mtoto asiyejua kuendesha asipelekwe kati ya malori. Tunasema tu: katika kartiye, kwenye njia za udongo ambako gari ni chache, msichana anaweza kujifunza kama kaka yake. Kama nyumba ina kinga moja, isiwe ya kaka peke yake. Dada anayechota maji anaweza kubeba madumu mawili kwa kinga mara moja, badala ya kurudi mara mbili na dumu kichwani. Na suala la kikwembe lina dawa rahisi: suruali chini ya kikwembe, au sketi iliyoshonwa kwa upana, na kifuniko cha mnyororo. Washonaji wetu wana akili kuliko tatizo hilo.

Picha inayosema na wakubwa

Turudi sasa kwa ile namna ya kuweka picha mbili pamoja. Wazee wetu walipenda kwenda kwa mpiga foto. Mama alivaa kikwembe kipya, baba alisimama na redio au na kinga yake, mkono juu ya usukani, kama mtu mwenye mali. Picha hizo bado ziko ukutani au ndani ya sanduku. Leo kila kijana ana telefone, anapiga picha mia kwa siku, nyingi za uso wake mwenyewe. Tunaweza kuwapa kazi bora.

Kazi ya kwanza ni ya familia. Chukua foto moja ya zamani iliyopigwa mahali mnapopajua: mbele ya nyumba, kwenye avenu, karibu na kiwanda. Mtoto arudi mahali pale, apige nyingine kutoka upande ule ule. Mziweke pamoja, bibi aeleze. Hapa palikuwa na nini? Nani aliishi? Miti ilikwenda wapi? Jioni moja ya namna hiyo inamfundisha mtoto historia ya mji kuliko kurasa nyingi za daftari.

Kazi ya pili ni ya kartiye. Tupige picha njia za watoto wetu. Shimo lililo katikati ya njia. Mfereji usiofunikwa ambao mvua inaujaza mpaka hauonekani. Mahali watoto wanapovukia bila alama yoyote. Mahali watu wanapongojea taxi-bus bila kivuli, mama mjamzito akisimama juani. Piga mara mbili: wakati wa jua na siku ya mvua, kutoka mahali pale pale. Andika siku, saa na jina la avenu. Mtu akienda kwa shefu wa kartiye au kwa bourgmestre na maneno matupu, anaambiwa arudi kesho. Mama ishirini wakienda na picha mbili mbili zilizo na tarehe, kukataa kunakuwa kugumu.

Lakini picha ina adabu yake, na hapa hatutaki mtu apate shida. Usipige picha za askari, kambi, uwanja wa ndege au ofisi za serikali bila ruhusa. Telefone inaweza kuchukuliwa na mtu akalala asikotaka. Omba ruhusa kwa mtu kabla ya kumpiga, hata kama ni mwuza makala aliyechoka. Uchovu wake si mchezo wa kuonyesha rafiki. Watoto wa wengine wasipigwe bila wazazi kujua. Na ajali ikitokea, kwanza saidia aliyeumia. Mtu anayetoa telefone kabla ya kutoa mkono amekosa utu.

Wengine walifanya nini

Mtu anaweza kusema: mambo ya barabara ni ya serikali, mama atafanya nini? Ni kweli barabara kubwa haijengwi kwa jembe la chama. Lakini mipango ya wakubwa inasaidia zaidi pale ambapo watu wa kawaida wanajua kusema wanachohitaji.

Tuangalie Dar es Salaam, mji unaosema Kiswahili kama sisi na wenye watu wengi kutuzidi. Mwezi wa tano 2016 walianza mabasi makubwa wanayoita mwendokasi, yenye njia yake peke yake katikati ya barabara, kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Gari ndogo haziruhusiwi kuingia njia hiyo. Kando walijenga pia sehemu za watu wa miguu na wa baiskeli. Mwaka 2018 mji huo ulipewa zawadi ya kimataifa kwa kazi hiyo. Shida hazikwisha: mabasi yalikuwa machache, foleni ndefu, watu wakasukumana mlangoni. Lakini wazo lenyewe linafaa kukumbukwa, kwamba mtu asiye na gari naye apewe nafasi yake barabarani, iliyopimwa na kuchorwa.

Sisi katika chama tunaweza kuanza na yaliyo karibu. Mama wanaokaa avenu moja wanaweza kupokezana kuwapeleka watoto wote kwa miguu, mama mmoja kwa siku, wengine wakaenda mapema kutafuta maisha. Wanaouza soko moja wanaweza kununua mzigo pamoja na kulipa gari moja. Wenye kufanya likelemba wanaweza kuweka zamu moja kwa ajili ya kinga ya nyumba. Na walimu tunaweza kuweka somo la barabara katika kalasi, wakati wa kuchora na wakati wa hesabu, bila kungoja barua kutoka juu.

Kwa mkutano ujao tunaomba kila mama alete vitu viwili. Kimoja ni karatasi yenye hesabu ya safari za nyumba yake kwa juma moja. Kingine ni picha mbili za mahali pamoja kwenye njia ya mtoto wake, mvua na jua, zenye tarehe. Asiye na telefone aje na mtoto anayejua kuchora. Tutazipanga zote ukutani kwa mstari, kuanzia Karavia mpaka mahali kila mtoto anaposomea, ili kwa mara ya kwanza tuone njia yetu yote kwa pamoja. Halafu tutachagua mahali pamoja tu, pale penye hatari kuliko pote, na mahali hapo ndipo tutapopeleka kwa shefu wa kartiye kwanza.